Mlio wa Mbwa wa Jirani

Juzi, nje ya stesheni ya Stechford, nilimwona mbwa aina ya husky amefungwa kwenye nguzo. Akainua pua, akatoa ule mlio mrefu, nami nikashindwa kuondoka.

Nilipokuwa mdogo jirani yetu alikuwa na mbwa kama huyo. Mchana mmoja baba akiwa amelazwa hospitali, jikoni kunanukia chapati, mbwa yule hakunyamaza.

"Uchuro huo," shangazi alimwambia mama. "Mbwa halii hivyo bure. Anaita kifo."

"Wifi, mtoto anasikia!"

Nilikuwa nimeshasikia. Nikachukua chapati, nikampelekea mbwa penye ubao uliovunjika wa uzio. Alipokula alinyamaza, nami nikaamini baba anapumua. Nikawa namkatia vipande vidogo vidogo ili visiishe.

Sasa najua ni moyo uliomuua baba. Najua pia mbwa hao wamezoea kuvuta sleji, mikokoteni isiyo na magurudumu, kwenye theluji wakiwa kundi, na wakiachwa peke yao huita wenzao.

Siku ile chapati ilipoisha mbwa alianza tena, nikamfumba mdomo kwa mikono yote miwili. "Nyamaza, tafadhali," nilimwambia, "baba hajarudi." Mlio ukapenya katikati ya vidole vyangu.