Mjane wa Kitabuni na Mama Yangu

Baba alipofariki, nilimleta mama huku ng'ambo, Apple Valley, akae nasi. Ndugu zangu kule nyumbani Soni niliwaambia anakuja kupumzika miezi sita, lakini moyoni nilikwisha kuamua kwamba harudi. Tulikuwa na chumba cha ziada, na mke wangu, muuguzi huko Maplewood, alikubali kabla sijamaliza kusema.

Mama alifika Oktoba. Kufikia Desemba alikuwa ameacha hata kusogea dirishani. Alisema tu kwamba barabara yetu haina watu, na ilikuwa kweli: gari liliingia gereji, mlango wa gereji ukashuka, basi. Binti yetu wa miaka saba alimwelewa bibi yake lakini alimjibu kwa Kiingereza, na mama Kiingereza hakijui.

Mimi wakati huo nilikuwa na mapenzi ambayo wahandisi wenzangu sikuwaambia. Nilipenda hadithi za vijiji vya Uingereza. Maktaba ya mtaani iliuza vitabu vyake vikuukuu, nikarudi na boksi zima. Hamkuwa na makubwa humo. Kasisi anapokea wageni, mama wa posta anajua barua ya kila mtu imetoka wapi, watu wawili hawasalimiani kwa sababu ya maua ya kanisani. Uingereza sijawahi kufika, na mbwa wao wanaolala ndani walinishangaza. Lakini kila nilipofunga kitabu nilijisikia kama mtu aliyetoka kusalimia.

Jumamosi moja mke wangu yuko kazini, nilikuwa nasoma sebuleni nikacheka. Mama akauliza kuna nini. Nikamweleza habari za mjane mmoja ambaye jirani yake alikata miti ya mpakani bila kumwuliza, wakanuniana miaka kumi.

“Aliikata upande gani?” mama akauliza.

“Upande wa mjane.”

“Basi mjane ana haki.”

Kuanzia hapo, kila Jumamosi mchana nilimsimulia kipande kwa Kiswahili. Kasisi, mama hakumpenda, kwa kuwa alikula kwenye nyumba za watu na hakumshukuru aliyepika. Binti yetu alianza kuja kukaa miguuni pa bibi yake. Aliuliza kwa Kiingereza, bibi akajifanya hasikii. Wiki ya tatu akauliza kwa Kiswahili, cha kuungaunga, akajibiwa kwa kirefu.

Kisha mtoto wa yule mjane akaja kutoka London kumchukua mama yake akaishi naye. Nilishtuka. Nilisoma mbele peke yangu, ndani ya gari, saa ya chakula kazini. Mjane alikaa kwa mwanawe msimu mmoja wa baridi, akarudi kijijini, akakuta yule jirani waliyenuniana naye ndiye aliyekuwa akimwagilia bustani yake.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama kwamba mjane alizoea mjini, akalea wajukuu wake kwa amani.

“Na nyumba yake?”

“Iliuzwa.”

Mama akakitazama kitabu mkononi mwangu, kidole changu kikiwa bado katikati. “Kurasa zilizobaki ni nyingi, baba,” akasema taratibu. “Zinasema nini?”

Binti yangu alikuwa ananitazama. Nikafungua pale nilipodanganya, nikamtafsiria mstari kwa mstari mpaka mwisho. Tulipofika kwenye jirani na bustani, mama alijifuta macho kwa upindo wa khanga.

“Nataka kurudi kabla ya masika,” akasema. “Sikukwambia kwa sababu nilijua utaumia.”

Nilimuuliza nani atamwangalia. Akasema kule akiugua, asipoonekana kanisani Jumapili moja tu, watu watakuja kugonga; hapa akiugua mchana, mimi na mke wangu tuko kazini. Hakusema kwa lawama.

Siku ya tatu mke wangu ndiye aliyenikalisha jikoni. Aliniambia kwamba mazishi ya baba niliyachelewa kwa siku mbili, na tangu hapo nimekuwa nikimshikilia mama kama mtu anayelipa deni ambalo mama mwenyewe hamdai. Niliumia kusikia hivyo, lakini nilijua anasema kweli. Kesho yake nikamkatia mama tiketi.

Aliondoka mwishoni mwa Februari, theluji ikiwa imefika magotini. Binti yetu alilia njia nzima ya kurudi kutoka uwanja wa ndege, nami nilimwacha alie.

Zamani nilipompigia mama simu niliuliza presha na dawa, nikaaga. Sasa nilianza kukaa kwenye ngazi na kumwacha aseme. Jumapili moja alisema wanawake wawili wa kwaya wamegombea nafasi ya mstari wa mbele, mmoja amehamia ibada ya asubuhi ili wasikutane, na mchungaji hajui aanzie wapi. Nusu saa nzima, wala hakukuwa na tukio jingine. Binti yangu alikuwa amebana sikio lake kwenye simu kando yangu. Akauliza, kwa Kiswahili, huyo aliyehama anaimba sauti gani.

“Ya kwanza,” bibi yake akamjibu. “Na anaimba vizuri, hapo ndipo penye shida.”