Fundi Aliyeshika Ekzosi ya Moto

Hili halikutokea gizani. Lilitokea saa nane mchana, hapa Bariadi, kwenye banda letu la gereji, jua likiwaka. Kama huniamini, kamwulize kaka yangu.

Kila mwaka pamba ikishauzwa, ukoo wetu hukusanyika kijijini Shishiyu kwa baba mdogo kushindana magari. Yanaondoka mawili mawili, kwenye njia iliyonyooka pembeni ya shamba, na hata dakika haiishi yamefika mwisho. Mwaka huo mimi na kaka yangu Masanja tulikuwa tumeifufua pikapu ya marehemu baba, gari lenye umri mkubwa kuliko sisi. Injini tulishusha, pistoni tukabadili, kabureta tukasafisha mara tatu. Bado ilikuwa inamisi. Ukikanyaga mafuta, inakohoa kwanza ndipo inaondoka.

Masanja akaenda kutafuta plagi. Nikabaki peke yangu, injini inaunguruma. Mara nikasikia, "Mwadila, dada."

Alikuwa mwanamume wa makamo, ovaroli yake ya bluu imepauka. Nikaitikia salamu yake ya Kisukuma. Hakuniuliza lolote. Aliinama, akatega sikio kwenye injini.

"Si mafuta," akasema. "Moto wake unachelewa."

Akalegeza distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, akaizungusha kidogo sana, hata upana wa ukucha haufiki. Mlio ukanyooka! Nusura nipige vigelegele. Hapo ndipo nikauona mkono wake wa kushoto. Ameuegemeza juu ya ekzosi, bomba la kutolea moshi. Wewe unajua ekzosi ya injini iliyounguruma nusu saa ilivyo? Nyama inaungua hapo hapo. Yeye katulia tu, wala harufu hakuna.

"Shishiyu msipite kulia," akasema. "Kulia kuna mtu."

Nikainama kuzima injini ili nimsikie vizuri. Kuinua kichwa, banda tupu. Nikatoka mbio nje. Barabara nyeupe mpaka mbali.

Ungemwambia nani? Nilimwambia Masanja. Alicheka, lakini akakubali kuchukua kushoto. Ngasa, mtoto wa baba mdogo, aliyepangwa kushindana na sisi, sikumwambia. Niliona haya. Yeye akachukua kulia.

Siku ya mashindano pikapu iliondoka bila kukohoa. Katikati ya njia, upande wa kulia ambao baba mdogo alikuwa ameupanua mwaka huo huo, ardhi ikafunguka na gari la Ngasa likazamisha pua. Kilikuwa kisima cha zamani, kimefunikwa mbao na udongo, hakuna kati yetu aliyekijua. Ngasa alivunjika mguu. Tulipokwisha kumtoa, Masanja akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Njoo uone."

Chini mle kisimani, mifupa ya mtu, na vipande vya kitambaa cha bluu.

Shangazi yetu mkubwa ndiye aliyekumbuka. Zamani lori la pamba liliharibika pale. Fundi wake akaenda kutafuta maji, hakurudi. Mwenye lori akadhani ametoroka, na waliokuja kukifunika kisima hawakutazama ndani.

Polisi walipomaliza kazi yao, tulimzika. Pikapu haijamisi tena. Ngasa anachechemea mpaka leo, na kila akiingia uani kwetu sijui nitazame wapi. Na msalaba wa kaburi lile umeandikwa "Fundi", basi. Shangazi hakulijua jina lake. Mtu pekee aliyepata nafasi ya kumwuliza ni mimi.

Kwa hiyo nakuambia: mgeni akikusaidia kazi, mwulize kwanza anaitwa nani. Na akikuonya, usichague wa kumwambia.