Pasta Aliitwa kwa Mashine, Akaniombea Mimi

Leo nimetolewa pepo kazini, na mimi nilikuwa nafungua valvu tu.

Hapa kwa kiwanda chetu cha juisi ya maembe, Makueni, mashine ya kuchemsha juisi imekataa asubuhi. Maji moto yapo, lakini juisi inatoka baridi. Tangi zima lilikuwa karibu kuchacha.

Nikamwambia bosi, "Mama, kuna hewa imekwama kwa paipu. Maji moto hayapiti, sasa joto litafikia juisi aje?"

Bosi akaita pasta.

Pasta akaanza kukemea pepo wa mashine. Wote walipofunga macho, nikajipenyeza nyuma ya mashine, nikalegeza valvu ya kutoa hewa.

Ssssss!

"Anatoka!" pasta akapaza sauti.

Hewa ilipoisha, maji moto yakanirukia mkononi. Nikafunga valvu huku nikipiga nduru.

"Amehamia kwa huyu!" pasta akaninyoshea kidole.

Jameni! Wamama wa kupanga chupa wakanishika, nikapakwa mafuta mpaka kwa masikio. Nyuma yetu juisi ikaanza kutoka ikiwa moto. Haleluya zikazidi.

Pasta ameenda na katoni za juisi. Mimi nimeambiwa nije kesha Ijumaa, ndio pepo asinirudie.

Niende ama nisiende?