Gari langu lilikosa usukani juu ya zulia, siku mbili kabla ya hina ya mpwa wangu

Wakuu, salaam aleikum, na habari za mchana kwa wa pwani na wa bara.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, kimetokea nyumbani kwetu Bofu, Likoni. Sijatia chumvi. Anayetaka kucheka acheke, mimi nilishajicheka zamani.

Mimi ni fundi wa friji. Nimepita miaka arobaini na bado nachezea magari ya rimoti. Hilo tusibishane, mke wangu ameshabisha kwa niaba yenu wote.

Kwa wageni wa mambo haya: mbele ya gari kuna kimota kidogo kinachokata kona, kinaitwa servo. Ukizungusha gurudumu la rimoti, risiva iliyo ndani ya gari inapokea amri, servo inavuta tairi. Ni hiyo tu. Na hiyo ndiyo iliyonitia adabu.

Sasa twende.

Marehemu dada yangu aliacha binti mmoja, Zuhura, tukamlea sisi. Alipokuwa mdogo tulikuwa tukikimbiza gari pamoja uani, na wallahi alinishinda kwa rimoti. Mwaka huu akapata mchumba, ikapangwa siku ya hina.

Mamake alimwachia bangili moja ya dhahabu, nami ndiye niliyekuwa nimeitunza miaka yote. Nikamwambia Zuhura nitampa siku hiyo, mkono kwa mkono.

Akanicheka. "Utaingiaje, mjomba? Ndani ni wanawake watupu, wamevua mabuibui."

Kweli. Mimi ni maharimu wake yeye, si wa mtaa mzima.

Akafikiri kidogo, akasema, "Basi niletee kwa gari. Wewe kaa nje ya pazia, gari liingie. Mama angefurahi huyo!"

Niliitikia kabla hajamaliza. Nilifurahi mpaka nikamrudishia mteja friji bila rafu zake.

Nikafunga sinia ndogo juu ya gari langu, ile truck kubwa kubwa. Nikajaribu sebuleni kwangu juu ya vigae, nimebebesha kopo la sukari. Kulia, kushoto, nyuma, safi kabisa. Nikajiona bingwa.

Siku mbili kabla ya hina, nyumba kubwa ya familia ikatandikwa. Zulia nene, lile ukikanyaga mguu unazama. Shangazi yangu Bi Salma, ndiye mkuu wa shughuli zote za wanawake kwetu, akasema tufanye jaribio na vitu vyenyewe. Asumini kwenye sinia, bangili katikati.

Gari likaenda vizuri mpaka kona ya kwanza.

Nikakata kulia. Tairi zikakwama kwenye manyoya ya zulia, servo ikanguruma, halafu kila kitu kikafa. Sekunde moja hivi. Gari lilikuwa bado na mwendo, likaenda moja kwa moja likagonga kabati. Asumini chini, bangili ikabingirika chini ya kochi.

Bi Salma aliinama mwenyewe akaitoa. Akaipangusa kwa leso yake.

"Mwanangu," akasema, "hii ni amana ya maiti. Haichezewi. Ikiwa gari lako litafanya haya mbele ya watu, n'tampelekea mimi kwa mkono wangu, na wewe kaa na gari lako."

Hakuwa na ukali. Afadhali angekuwa nao.

Wakuu, niliumia. Nilimuahidi mtoto wa dada yangu kitu kimoja tu.

Nikafanya kile ambacho wengi wenu mngefanya. Nikasema servo ni dhaifu. Nikatafuta nyingine yenye nguvu maradufu, ya gia za chuma, nikaifunga. Nikaweka gari juu ya zulia.

Ikawa mbaya zaidi! Sasa lilikuwa linazima hata bila sinia. Niliitukana ile servo matusi ambayo moderator angenifungia.

Dukani nafanya kazi na Mutua, jamaa wa Machakos, mtulivu, hana haraka na jambo. Akaniangalia nikihangaika na kipande cha zulia juu ya meza, akasogea.

"Boss, hebu kata kona tena. Usiangalie tairi, cheki hiyo taa ya risiva."

Nikakata. Taa ikazima, ikarudi.

"Umeona? Servo haina makosa. Ni stima haitoshi." Akaanza kutabasamu. "Si hii ndio ile lecture yako ya extension?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa sababu, wakuu, kila siku ya Mungu mimi ndiye ninayewaambia watu: mama, friji haina ubaya, ila umeichomeka kwenye extension moja na birika na pasi, itapata wapi nguvu ya kuwaka? Nimeyasema hayo Likoni nzima mpaka watoto wanayajua.

Na gari langu lilikuwa hivyo hivyo. Ile ESC, kifaa kinachoendesha mota kubwa, hutoa kaumeme kadogo pembeni ka kulisha risiva na servo. Kwenye vigae tairi hugeuka kirahisi, kalitosha. Kwenye zulia servo inakaza misuli, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, volti zinashuka, risiva inazima. Muda huo gari halina mwenyewe. Nami kwa akili zangu nikaleta mlaji mkubwa zaidi kwenye sahani ile ile.

Nikataka njia ya mkato, niunge servo moja kwa moja kwenye betri. Mutua akanishika mkono. Servo imeandikwa volti sita, na betri yangu ikijaa inapita nane. "Utaichoma, na hina ni kesho."

Dawa yake ni kidude kinachoitwa UBEC. Kinachukua umeme wa betri kuu, kinaushusha hadi volti sita, kinatoa ampea za kutosha. Jamaa mmoja wa Mkomani anayeunda drone alikuwa nacho, akanipa na dua juu yake. Nyaya mbili za umeme za servo zikaenda huko, ule wa amri ukabaki kwenye risiva.

Mara ya kwanza servo ikatetemeka kama ina homa. Nilisahau kuunganisha negative ya UBEC na ya risiva. Msisahau hilo. Zikikutana, inatulia.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, nikaketi nje ya pazia na rimoti. Bi Salma yuko ndani ananielekeza.

"Bismillahi. Ndiyo, laja... nyosha... sasa kulia!"

Nikakata kulia. Pale pale kwenye zulia.

Sikuona chochote wakuu, niliona maua ya pazia tu.

"Kulia tena, pole pole... simama! Lishafika!"

Vigelegele vilivyopigwa, nadhani hata Mtongwe walisikia. Bi Salma, nilivyosimuliwa baadaye, akamvisha bangili kwenye mkono ambao haukuwa umepakwa bado. Nililia kidogo. Pazia lilikuwepo, hakuna aliyeniona.

Kisha nikasikia, "Mjomba, nipe rimoti."

Nikaisukuma chini ya pazia. Yule mwanamke aliyekuwa akimpaka hina akapiga kelele, "Wewe Zuhura, haijakauka hiyo!" Hakusikilizwa. Gari likatoka pale kwa kasi zote, likala kona kali juu ya zulia, likanigonga muundi. Kwenye sinia kulikuwa na kipande cha halua.

Funzo: servo ikizubaa, kabla hujainunulia kaka yake mkubwa, angalia inalishwa na nani. Na ujaribie gari mahali litakapofanyia kazi, si mahali panapokupa sifa.

Nanyi mnalishaje servo zenu? Na yupo aliyewahi kushindwa na ushauri wake mwenyewe, au ni mimi tu?

Rimoti ilirudi na alama ya kidole gumba cha hina kwenye gurudumu lake. Mutua anasema spiriti itaitoa. Nimemwambia aguse chochote dukani, hiyo aiache.