Mama Feni na Laptopu Iliyorudi Mara Nne

Saa tatu na robo asubuhi, Mama Feni ameweka kiganja juu ya laptopu ya mteja, kama mzazi anayempima mtoto homa. Dakika kumi na mbili tu zimepita tangu aiwashe. Anatikisa kichwa. Kioo kinazimika chenyewe, na mwenye mali, kijana mchora ramani za nyumba, anashusha pumzi.

"Mama, hii ni mara ya nne," anasema. "Leo siondoki. Nitakaa hapa hapa nione unachofanya."

"Kaa, mwanangu. Ila usiniwekee kivuli."

Mama Feni hana mtoto anayeitwa Feni. Jina hilo alipewa na majirani, kwa kuwa huu ni mwaka wa kumi na nne anatibu laptopu zinazochemka, katika kibanda anachogawana na shangazi yake, muuza nyuzi na vifungo. Wiki nzuri huingiza mashine tisa. Wiki mbaya ni mbili, na moja huwa ya ndugu. Kodi peke yake humeza kazi ya siku kumi kila mwezi, na mtaa una mafundi wengine sita wanaowamezea mate wateja wake. Jina zuri kwake si pambo, ndilo linalomlisha yeye na binti zake wawili.

Laptopu hii imemtoa jasho. Mara ya kwanza aliitoa vumbi, akaipaka pesti mpya ya kupoza. Ikarudi. Akabadilisha feni. Ikarudi. Mara ya tatu aliipiga hewa ya moto kadi ya grafiki, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo, hadi ikafufuka, ikaishi siku kumi na tisa. Sasa kijana ana ramani ya zahanati ya kukabidhi Ijumaa, na tayari amekosa kazi mbili.

"Nilishajiandaa kumwambia kadi imekufa," Mama Feni anasimulia. "Nimewaambia wengi hivyo. Inauma, lakini unasema."

Anajaribu mara ya mwisho. Anaweka tone la pesti juu ya chipu ya kadi hiyo, dogo kama punje ya kunde, analaza juu yake bamba la shaba linalobeba joto, anakaza skrubu zote. Ndipo shangazi anapouliza, bila kuacha kupanga vifungo vyake, "Na huo waya unaoning'inia je?"

Ni waya wa feni, uliopaswa kupita chini ya bamba. Mama Feni mzima amesahau feni. Shangazi anacheka hadi anafuta machozi, na hata mchora ramani anatabasamu kidogo.

Analifungua tena bamba. Tone la pesti bado ni punje vile vile, halikubanwa wala kuguswa. Kumbe bamba, pamoja na skrubu zake zote, halikuwahi kuifikia chipu.

Anainama, anachungulia pembeni mwa chipu.

Kandokando ya chipu kuna vipande laini, mfano wa mpira, vinavyopitisha joto. Vya kiwandani vilikuwa vyembamba, nusu milimita. Tangu mara ya kwanza yeye aliweka vinene, mara tatu ya unene huo, akidhani anamwongezea mteja. "Niliona vile vyembamba ni ubahili wa kiwanda," anaeleza. Unene huo ndio ulioliinua bamba. Miezi minne kadi imekuwa ikiungua kwa wema wake.

Angeweza kufunga akanyamaza, na kijana asingejua. Anakiri kwamba aliliwaza hilo, kwa muda wa kumeza mate.

"Mwanangu, kadi yako haina kosa," anamwambia. "Kosa ni langu. Tangu mwanzo."

Mchora ramani hapigi kelele. "Miezi minne, Mama," anasema taratibu, na Mama Feni anatamani bora angepiga kelele.

Anakata vipande vyembamba, anavipanga, anafunga. Saa moja baadaye zahanati inazunguka kwenye kioo, paa na milango yake, na joto limetulia kwenye nyuzi sabini na moja. Kabla ya hapo lilifika tisini na nane. Mama Feni anakataa malipo. Kijana anaingiza mashine kwenye begi, anafika mlangoni, anageuka.

"Na wengine je? Ni mimi peke yangu uliyeniwekea vinene?"

Swali hilo linamkalisha chini. Katika daftari lake anahesabu majina ishirini na matatu tangu aanze kutumia vipande vinene mwaka jana. Mpango wake sasa ni kuwaita wote, mmoja mmoja, na kuzifungua mashine zao bure, siku mbili kila wiki.

"Watasema hujui kazi," shangazi anamwonya.

"Waseme, shangazi. Mimi nataka kabla mwaka haujaisha niwe nimezigusa zote."

Anachukua simu pale pale, na wa kwanza ni mwalimu wa hesabu. "Samahani kukusumbua, mwalimu. Ile laptopu yako, naomba uilete niitazame upya. Sitaki malipo."

"Ile nilishaitupa, dada," mwalimu anajibu. "Si wewe mwenyewe uliniambia imekufa?"

Mama Feni anaomba radhi, anarudia kuomba radhi, kisha anakata simu. Machozi yanamlengalenga na hayafichi. Anaweka kidole kwenye jina la pili, anabonyeza namba.