Mchezo Tuliotunga wa Vita Vilivyopita Ntobeye

Nilizaliwa Biharamulo mjini, nyuma ya duka la baba lililouza kanga, misumari na mafuta ya taa, na kwa miaka mingi sasa nafundisha kompyuta katika sekondari moja ya hapa hapa. Kuna mchezo mmoja wa kompyuta niliupenda tangu nikiwa chuoni. Ni wa vita vya kupokezana zamu: unasogeza vikosi vyako kwenye ramani iliyogawanywa vyumba vya pembe sita kama masega ya nyuki, ukimaliza unabonyeza, kompyuta nayo inasogeza vyake. Hauna haraka. Unaweza kuacha zamu yako wazi ukaenda kufundisha kipindi, ukarudi ukakuta adui bado anakungoja kwa adabu.

Mwalimu wa historia alinikuta nikicheza wakati wa mapumziko ya chai. Alikuwa amehamia kwetu muhula ule kutoka Ngara. Kwao ni Ntobeye, amekulia katika Kihangaza, na Kiswahili chake ni kile kilichonyooka cha darasani. Alisimama nyuma yangu na kikombe chake, akatazama mpaka chai ikapoa.

"Hiyo milima ni ya wapi, madam?"

"Si ya mahali popote. Imechorwa tu."

"Kwa hiyo mtu akitaka anaweza kuchora ya kwao?"

Nikamwambia ndiyo, mchezo wenyewe una sehemu ya kutungia. Unachora ramani, unapanga vikosi, unaandika kitakachotokea zamu fulani ikifika. Watu wa nchi mbalimbali hutunga visa vya historia ya kwao na kuviweka mtandaoni ili wengine wacheze. Mimi sikuwahi kujaribu. Nilikuwa mchezaji tu, na nilitosheka.

"Mimi nataka ile Vita Kuu ya Kwanza ilivyopita kwetu," akasema. "Mjerumani anarudi nyuma, Mbelgiji anakuja kutoka magharibi. Wanafunzi wangu wanavisoma kwa mistari miwili, halafu tunahamia Ulaya."

Wakati ule alikuwa bado anashika kipanya cha kompyuta kama mtu aliyeshika kifaranga. Nilikubali kumsaidia nikidhani atachoka mapema.

Likizo ilipofika tulikwenda Ngara. Tulizunguka kwa pikipiki, leo Keza, kesho Kanazi, na kila tulipofika juu ya kilima alimwomba dereva asimame. Alishuka akatazama bonde linavyopinda, mteremko upi una migomba na upi ni mawe matupu, mafunjo yanaanzia wapi. Mimi nilipiga picha kwa simu. Nilimwambia tunaweza kupata ramani hizi zote mtandaoni bila kuumia mgongo. Alinijibu kwamba ramani za mtandaoni hazimwonyeshi mtu anachoka wapi.

Ntobeye tulipokelewa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, aliyekuwa uani akimenya ndizi. Tulimwamkia, akaitikia "marahaba" kwa Kiswahili, kisha akarudi kwenye Kihangaza na mwenzangu akawa ananitafsiria. Askari walipopita, mama yake shangazi alikuwa mtoto mdogo. Mimi, kwa akili yangu ya mchezo, niliuliza askari wale walikuwa na bunduki za namna gani. Shangazi alinitazama, akasema kitu, wakacheka wote wawili.

"Anasema mama yake hakuziona. Alikuwa amelala kifudifudi ndani ya migomba."

Alichokikumbuka mama yake ni moto. Watoto walikatazwa kabisa kuwasha moto, maana moshi ungeonekana toka kilima cha pili, na viazi walivitafuna vibichi mpaka matumbo yakawauma. Alikumbuka na ng'ombe. Wazee waliwaswaga upande wa mashariki, wakawaficha katika pori kubwa linaloelekea Biharamulo, ili majeshi yasiwakute. Mbung'o wakawamaliza huko.

"Askari hawakuwachukua," shangazi akasema, "wala sisi hatukuwapata."

Tuliporudi nilikaa nikachora askari. Nilichora kofia zao, mikanda yao, bendera za pande zote mbili, na niliona fahari sana. Kisa cha kwanza kilipokamilika tukawaita wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye chumba cha kompyuta waje wakijaribu. Walikipenda kuliko nilivyotarajia. Kwa kanuni za mchezo, kikosi kikiingia kijijini kinapata chakula, na kikitoka kinaweza kukiteketeza ili adui asikute kitu. Baada ya muda mfupi chumba kizima kilikuwa kinapiga kelele: "Choma! Choma na hicho cha pembeni!" Hicho cha pembeni kilikuwa kimeandikwa Ntobeye.

Mwenzangu alikuwa amesimama dirishani. Hakuwagombeza. Aliwashukuru, akawaruhusu, akaanza kuzima kompyuta moja moja.

"Mchezaji tumemweka upande wa wageni," aliniambia tulipobaki wawili. "Kwetu pamekuwa mahali pa kula na kuchoma tu. Kisa hiki tukifute, tuanze upya."

Nilikasirika. Nilimkumbusha kazi niliyoifanya, nikamwambia historia ndivyo ilivyo, majeshi mawili yalipigana na moja likashinda, na mchezo wa vita bila vita haupo. Aliniacha nikamaliza yote.

"Ni kweli, hayo yalitokea," akasema. "Ila kuna watu walikuwepo na hatujawapa zamu."

Nilikwenda nyumbani bado nimenuna, lakini maneno yale hayakuniachia. Asubuhi nilimkuta ameshafika shuleni kabla yangu, nikamwambia, haya, tuwape zamu.

Safari hii mchezaji alikuwa mteremko mmoja wa Ntobeye: kaya chache, ng'ombe wao, migomba yao na kisima. Majeshi yote mawili yaliendeshwa na kompyuta. Huwezi kupigana nayo. Ukifika mwisho na majeshi yamepita na kilima bado kina watu, umeshinda. Shida ni kwamba mchezo wenyewe ulijua wapiganaji tu. Ng'ombe hakuwemo, wala mtoto, wala moshi. Ilibidi kuandika maagizo upya kwa lugha ya kompyuta, na nilimwonya kwamba hapo ndipo wengi hukimbia.

Hakukimbia. Kila vipindi vilipoisha alikaa pale akajifunza. Alama moja ikikosekana kisa kizima kinagoma, naye badala ya kulaani alikuwa akicheka, "Haya, inadai chake," akaanza kutafuta mstari kwa mstari. Alimchukua mpanda farasi wa mchezo, akamnyang'anya silaha, akampunguzia mwendo, akaniomba nimchoree pembe ndefu. Huyo akawa ng'ombe. Ukimwacha nyumbani, askari wanamchukua. Ukimpeleka porini hawamwoni, ila kila zamu nguvu zake zinapungua. Kaya ikipika, moshi unaonekana mbali. Isipopika, watu wanadhoofika.

"Sasa jibu zuri ni lipi?" nikamuuliza.

"Lilikuwepo?"

Nimefanya kazi na watu wengi wenye akili nyepesi, lakini sijawahi kuona mtu aliyewaheshimu kiasi kile watu asiowajua. Jambo lolote ambalo hakuambiwa na mtu au hakuliona kwa macho yake kule kilimani, hakuliweka, hata kama lingependeza.

Siku moja mama yangu alimwalika chakula cha mchana. Tulikuwa katikati ya pilau mwenzangu alipomuuliza, "Mama, ninyi wa pwani hapa Biharamulo mlifikaje?"

Mama akamsimulia. Babu yake alichukuliwa pwani kubeba mizigo ya Wajerumani, akatembea na sanduku kichwani mpaka huku. Vita vilipokuwa vinasogea, akiwa anaumwa homa, alilitua lile sanduku njiani, akaingia kwenye migomba ya watu na kutokomea. Kuna watu walimficha mpaka majeshi yalipopita. Ndipo akaja mjini, akaanza kuuza chumvi.

"Watu gani hao, mama?"

"Majina hakuyajua, na lugha yao hakuisikia. Alikuwa akisema tu walimpa ndizi, wakamwonyesha pa kulala."

Mimi habari hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni mpaka nikaacha kuisikia. Mwenzangu alikuwa ameacha kula.

Wiki chache baadaye alinipa kisa kipya nikijaribu, nami nikakaa nacho Jumamosi mchana, dukani, wateja wakiwa wachache. Nilicheza kwa bidii. Katikati ya mchezo ng'ombe wangu walikuwa porini wanapungua, kaya moja imedhoofika na ndizi zinakaribia kwisha. Hapo akatokea mtu pembeni mwa ramani, peke yake, mgonjwa, hana silaha. Maandishi yakaniuliza nimpokee au nimwambie aende zake. Nikimpokea atakula, na askari wakimkuta watachoma nyumba iliyomficha. Nilipiga hesabu kama mchezaji yeyote, nikabonyeza aende zake.

Akageuka. Alikwenda chumba kimoja kila zamu, polepole, na alipokaribia ukingo wa ramani ndipo nilipomtazama vizuri. Alikuwa amevaa kofia nyeupe ya kiua, kama za watu wa pwani. Zamu iliyofuata hakuwepo.

Mteja alikuja akaulizia misumari, nikampa kanga.

Jumatatu nilimfuata ofisini. "Nimemfukuza."

"Nani?"

"Babu yake mama."

Nilidhani atacheka. Alivuta kiti nikakaa. "Na mimi nilimfukuza, mara ya kwanza nilipojaribu," akasema. "Ndipo nikajua wale waliompokea walikuwa watu wa namna gani."

Tangu siku hiyo nimewafikiria mara nyingi watu hao, mahali fulani kati ya Ngara na hapa, wenye watoto wao wanaotafuna viazi vibichi, na mgeni mwenye homa amesimama kwenye migomba yao akisema maneno wasiyoyaelewa. Mimi nipo kwa sababu yao. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuwastaajabia mpaka mwalimu mwenzangu aliponiweka mahali pao.

Mama alipopata habari alitaka kuona. Alivaa miwani yake, mwenzangu akaketi ubavuni kwake, mimi nikawa nabonyeza anavyoagiza. Mgonjwa alipotokea tu, mama akasema, "Mpokee." Hakutazama chakula kilichobaki. Zamu mbili mbele kaya zikaanza kulegea.

"Mama, ndizi zimekwisha," nikamwambia.

"Yeye yupo?"

"Yupo."

"Basi endelea."

Tuliendelea, tukashindwa vibaya. Mama akavua miwani akasema mchezo ni mzuri sana.

Wanafunzi nao tuliwaita tena. Walianza kwa kulalamika kwamba hakuna bunduki, halafu kelele zikaisha. Msichana mmoja aliyepoteza ng'ombe wote porini aliomba arudie tangu mwanzo, na darasa likagawanyika kuhusu mgonjwa, wengine wakisema kumpokea ni ujinga, wengine wakiuliza kama angekuwa kaka yao. Kengele ililia, hawakutoka. Mwenzangu hakuwaambia upande upi una haki. Alimwomba tu kila mmoja aeleze alichokuwa nacho alipoamua.

Tulikiweka kisa mtandaoni. Hawakukicheza watu wengi, na mmoja aliandika kwamba ni mchezo wa vita usiokuruhusu kupigana, kwa hiyo una kasoro. Mwingine, aliyesema ni wa upande wa Burundi, aliandika kwamba bibi yake pia alikuwa akisimulia habari za kukatazwa moto. Mwenzangu alimjibu huyo kwa Kihangaza, naye akajibu kwa Kirundi, na walielewana bila taabu.

Mwaka uliofuata alihamishiwa shule ya huko kwao Ngara. Chumba cha walimu kimepwaya, ingawa tunaongea kwenye simu mara kwa mara. Juzi alinipigia nikiwa darasani. Alikuwa amepita bonde moja upande wa Kanazi wakati wa mvua na kugundua kwamba maji hutuama mahali tulipochora njia kavu.

"Watu wasingeweza kupita pale na watoto, dada," akasema. "Nitakuonyesha vyumba vya kubadilisha. Unayo kompyuta hapo karibu?"

Niliwaomba wanafunzi wanivumilie kidogo. Nikafungua ramani, naye akawa ananielekeza, kimoja baada ya kingine, nami nikayaweka maji mahali pake.