Fungu Lisilojua Mwezi

Sijawahi kuamini fungu lisilopungua. Nimezaliwa Rumonge, nimelelewa kwa samaki, na pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotua, tulipogawana ndagala, dagaa wa ziwa letu, asubuhi nilijifunza kwamba mgao wa kweli hupanda na kushuka mbele ya macho ya watu. Mtumbwi una fungu lake, wavu una lake, taa ina lake, na kila mvuvi ana lake. Mafungu yakishapangwa mchangani, mmoja anawapa wenzake mgongo, mwingine anagusa fungu na kuuliza, "Hii ya nani?" Yule anayetazama ziwa anataja mtu. Na mwezi ukiwa mpevu, ndagala hawaifuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu, na kila mtu anapata hewa tupu.

Mtumbwi mmoja pale ulikuwa wangu. Baba aliniachia, na ndugu zangu walinuna mpaka wakachoka.

Mume wangu yeye alikuwa mtu wa mashine. Alikuwa fundi wa kiwanda cha kukamua mawese upande wa Kizuka, mali ya kampuni moja kubwa ya Bujumbura. Kampuni hiyo ilikuwa na mkono kila mahali: mawese kwetu, na kwingine sabuni, matofali, malori. Uhuru ulipokuja, wakubwa waliwaambia wafanyakazi wa zamani kwamba sasa nao wanaweza kununua aksiyo, yaani vipande vya umiliki, na kila mwaka watapata dividande, sehemu yao ya faida. Mume wangu akanunua. Siku hiyo alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeoa mke wa pili, nami nikamwangalia vivyo hivyo.

Dividande ikaja. Mwaka uliofuata ikaja tena, sawasawa na ya kwanza. Kisha mvua ikaikata barabara ya Minago, bei ya mawese ikaanguka mpaka wanawake wakarudi na madebe yao yamejaa kama walivyoyapeleka sokoni, na dividande ikaja ile ile. Majirani walinipongeza. Mimi usingizi ulinipaa.

"Baba watoto," nilimwambia, "hii feza haijue mwezi. Inatoka wapi?"

"Mama, hiyo njo uzuri yake. Hii iko kampuni, haiko mutumbwi."

Mwalimu wa chuo aliniambia faida isiyobadilika inanuka riba. Mume wangu akajibu kwamba mwalimu anajua Kurani, mitambo haijui. Basi nikaamua kumngoja ajenti, kijana wa kampuni aliyeleta bahasha za dividande kila mwaka, shati limenyooshwa kwa pasi utadhani hakupita kwenye vumbi letu. Nikamkaribisha chai.

"Amahoro, mama."

"Amahoro, mwanangu. Niambie, kule kwenu mwezi haiangaze?"

Hakuelewa. Nikamweleza habari ya mafungu. Akacheka vizuri tu, bila dharau.

"Mama, mafuta ikianguka, sabuni inasimama pahali yake. Sabuni ikianguka, matofali inasimama. Na mwaka muzuri hatugawe yote, tunaweka ya mwaka mubaya. Iko politike ya kampuni: dividande isitikisike."

"Munaweka wapi?"

"Bujumbura."

"Nani aliona?"

Akamaliza chai yake. "Murakoze, mama," akashukuru, akainuka.

Nakiri jibu lake lilikuwa na akili. Hata mimi hukausha ndagala wa siku za neema. Lakini wangu wako kwenye mkeka, anayetaka anawaona. Mtu akinifunikia samaki kwa kitambaa na kuniambia "hawa ni wako", siku hiyo namfuata mpaka kwake. Bujumbura ningemfuata nani?

Baadaye kampuni ikatoa aksiyo nyingine, na mume wangu akataka tuuze mtumbwi ili tuzinunue. Nilikataa. Akasema napenda mbao kuliko mume. Nikamjibu kwamba mbao naziona. Lilikuwa neno baya na nilijua ni baya likiwa bado mdomoni. Tangu hapo akawa anakula kimya, anaondoka kimya, nami kwa kiburi changu nikanyamaza pia.

Tulikuwa bado katika kimya hicho ilipofika 1972, mwaka wa ule msiba wa mauaji ambao Warundi wanauita ikiza. Sitausimulia wote. Kwetu ulianza na gari lililosimama mlangoni, na watu waliokuwamo wakasema mashine imeharibika, fundi anatakiwa. Alivaa shati la kazi. Kizingitini akageuka: "Mama watoto, chai yangu uiweke. Narudi." Hakuna aliyemwona tena. Watu wa upande wa Gatete walipopita mbio na vifurushi, niliwapakia watoto mtumbwini, tukavuka ziwa hadi upande wa Kongo.

Ndiyo, mtumbwi ule ule. Watu wameniambia niliona mbali. Hasira hunipanda wakisema hivyo. Ningeuuza siku ile ile, kwa bei yoyote, kama ningejua kwamba angekaa mezani hata akininunia maisha yake yote.

Tuliporudi, kiwanda kilikuwa baridi na chikichi zilikuwa zimeoza chini ya michikichi. Mwaloni wavuvi waliobaki waliingia ziwani, lakini mikono michache huvuta wavu polepole, na mafungu yalikuwa madogo. Ukiyatazama tu ulijua nani hayupo.

Kisha akaja ajenti, na shati lake la pasi.

"Pole sana, mama. Hii ni ya ule mwaka."

Nilifungua bahasha. Ilikuwa ile ile.

"Mashine ilisimama," nilimwambia. "Chikichi zilioza. Fundi hakuna. Namna gani inakuwa ile ile?"

Aliangalia viatu vyake. "Iko politike ya kampuni, mama. Isitikisike."

Niliigusa bahasha kama tunavyogusa fungu mchangani, nikamuuliza, "Hii ya nani?" Watoto walikuwa na njaa, niliichukua.

Mpaka leo sijui kama kampuni ile ilimwibia mtu. Huenda walisema kweli tupu, na sabuni na matofali ndivyo vilivyolipa. Ninachojua ni kwamba mwaloni mume wangu angeonekana hayupo. Katika bahasha yao hakupungua hata faranga moja.